Nafasi Moja Kiwandani

Sogeeni karibu. Hadithi hii haina sungura wala fisi. Ina kiwanda cha magari, vita vya miaka mitano, na watu watatu waliochoka.

Wa kwanza ni Mwanahawa, mtunza stoo, aliyejua kuficha kitu mbele ya macho ya mtu. Wa pili ni Songoro, fundi, ambaye hata injini iliyokufa ikimsikia anakohoa, inaamka. Wa tatu ni Chausiku, mwenye digrii ya uhandisi na kichwa kisichosahau kilichoona. Kipaji hicho hakijawahi kumpa hata nauli.

Vita vilipouingia mji wa Mtondia, Mwanahawa alibeba kalibu na vipimo vya kiwanda, vile ambavyo bila hivyo mlango wa gari haukai kwenye bodi, akavizika nyuma ya nyumba yake. Juu akajenga kaburi, akaliandika jina la mumewe aliyekuwa safarini. Askari waliokuja kusaka vyuma walimkuta analia, wakavua kofia. Lakini habari za msiba zilimfikia marehemu mwenyewe huko aliko, akaapa kwamba harudi kwa mwanamke aliyemzika mzima. Hajarudi.

Songoro hakukimbia. Alibaki kiwandani akiwatengenezea maadui malori yao ili wasiyachome majengo yaliyosalia. Kila walipotaka kung'oa mashine, aliwaambia bila hiyo malori yatalala, wakaiacha. Mashine zikapona. Jina lake halikupona: leo akiingia hotelini, watu wanahama na vikombe vyao.

Chausiku je? Kabla ya vita aliomba kazi pale mara saba. Mara saba alikalishwa kwenye benchi la mapokezi, mchana kutwa, mbele ya mchoro mkubwa wa nyaya za gari uliotundikwa ukutani. "Experience yako iko wapi, dada?" walimuuliza mwishowe, kama vile experience inauzwa dukani pamoja na unga. Vita vikaja vikaichoma ofisi. Michoro yote ikawa majivu, isipokuwa ule mmoja uliobaki kichwani mwa asiyeajiriwa.

Amani ikaja na tume, as usual. Tume ikasema kiwanda kikitoa gari moja linalotembea ndani ya miezi mitatu, mwekezaji atakifungua. Kisipotoa, kitauzwa kwa kilo kama chuma chakavu. Mwanahawa akalifukua kaburi. Songoro akaziwasha mashine. Chausiku akapiga magoti, akachora kwa mkaa sakafuni, waya mmoja baada ya mwingine, mpaka goti likachubuka.

Siku ya mwisho gari likatoka getini likitetemeka kama mwenye malaria. Lakini likatoka. Hakuna aliyeshangilia. Walikaa chini.

Ndipo akaja afisa wa mwekezaji na fomu. Akaeleza kwa upole, upole ule wa kukera, kwamba wafanyakazi wataletwa kutoka nje ya nchi. Wa hapa wanachukua mmoja tu. Wakubaliane, wamwandikie jina. Yeye anaenda kunywa chai.

Songoro alisema yeye asipoipata kazi hii, mjini hapa hakuna mwingine atakayempa hata ya kufagia. Mwanahawa akasema yeye ameshalipa kwa ndoa yake. Kisha akamgeukia Chausiku.

"Wewe mwanangu una digrii. Utapata kwingine."

Chausiku akacheka, kicheko cha mtu asiye na nguvu ya kugomba. "Kwingine wapi, mama? Huko kwingine ndiko nilikotoka."

Songoro akaokota kalamu, akampa Chausiku aandike, maana mwandiko wake ndio unaosomeka. Finally, digrii imepata kazi. Ncha ya kalamu ikagusa karatasi. Nje, viatu vya afisa vinarudi, na harufu ya chai inamtangulia.

Haya, nyinyi mliokaa mkisikiliza, pokeeni kalamu hiyo. Na msiniambie wote watatu. Fomu ina nafasi moja. Je, wewe ungeandika jina la nani, kisha ungewatazamaje wale wawili?