Nyegere na Kibuyu cha Saba

Jamani, chekeni mmalize, nami nicheke nanyi, kisha tuendelee. Ni kweli mliyoyasikia. Nimefika kijijini kwenu, nikaingia nyumba ya kwanza niliyoiona ina mkeka uani na watu wameketi kimya wakitazama njia. Nikajisemea, hawa ndio wanaosubiri hadithi. Nikakaribishwa, nikanawa, nikala wali kwa samaki. Nikaongezwa. Nikakubali kuongezwa. Ndipo mwenye nyumba akakohoa, akasema, "Haya, bwana mshenga, tumbo limetulia. Kijana wenu ametuletea nini?"

Kumbe wale wanasubiri posa ya binti yao! Mimi niliyetembea Kigoma hadi Kilwa, niliyevuka mito yenye mamba, nimeshindwa kuvuka kichochoro kimoja kuja hapa kwenu. Na nasikia mshenga wa kweli alipofika amepewa ukoko.

Basi, yaishe. Paukwa!

"Pakawa!"

Kijiko?

"Cha mlafi!"

Ukoko?

"Wa mshenga!"

Aa, mnanisuta tu. Hadithi ije!

"Uongo uje, utamu usizidi!"

Hapo kale, kale ya kale hasa, wanyama walipokuwa wangali wakibadilishana vitu kama watu wenye akili, palikuwa na Nyegere na mkewe, Mwanamkuu. Nyegere alikuwa haogopi nyuki. Alikuwa haogopi nyoka. Simba akimwona alibadilisha njia, akajifanya amesahau kitu nyumbani. Nyegere alimwogopa mkewe tu, na hata yeye si kila siku.

Mwaka huo Mwanamkuu alikuwa mjamzito, miezi imetimia. Paa la nyumba lilikuwa limeoza. Ukilala chali ulihesabu nyota. Na mawingu ya masika yalikuwa yameanza kujikusanya kule milimani, kila siku yanazidi kuwa meusi.

Gulio lilikuwa moja tu, ng'ambo ya mto, siku moja tu kabla ya masika. Mto wakati huo ulikuwa mchanga mtupu. Mvua ikinyesha mto unajaa, na hakuna gulio mpaka kiangazi kingine. Na gulio lilikuwa na sheria mbili ambazo hata kifaranga alizijua. Ya kwanza: kikapu kikishamiminwa hakirudi. Ya pili: chombo ni cha muuzaji, mnunuzi aje na chake.

Nyegere alikuwa amevuna karanga, vikapu sita. Akavifunga kwenye mzegazega, vitatu mbele, vitatu nyuma, akauweka begani.

Mwanamkuu akasema, "Baba, nisikilize. Vikapu viwili, nyasi za kuezekea, mizigo miwili. Kimoja, chungu. Kimoja, chumvi. Kimoja, mkeka wa kumlaza mtoto. Cha mwisho, asali. Kibuyu cha kutilia hiki hapa."

"Kimoja tu?"

"Asali ni ya kulamba, si ya kuoga. Na kaa unywe uji kwanza. Mwenye njaa hanunui, hununuliwa."

"Aa! Tumbo langu lina adabu," akasema Nyegere, akaondoka bila kunywa uji.

Njiani akakutana na jirani yake, Bi Kanga, naye ana vikapu sita vya mtama na tumbo limejaa uji. Wakavuka mchanga wa mto pamoja.

Sasa, aliyekuwa amekaa mwanzo kabisa wa gulio, pale pale mtu anapofika na jasho lake na njaa yake, ni nani? Nguchiro, muuza asali. Hakukaa pale kwa bahati. Aliamka alfajiri kuwahi mahali pale.

"Shemeji Nyegere! Karibu, karibu. Onja. Kuonja hakulipiwi."

Nyegere akachovya kidole. Akakinyonya. Akakinyonya tena kilipokuwa hakina kitu.

Akamimina kikapu cha kwanza cha karanga, akapewa kibuyu cha asali. Badala ya kutilia kwenye kibuyu cha mkewe, akainua cha Nguchiro, akakigeuza mdomoni. Akaimba, nanyi mniitikie:

"Tumbo, tumbo, fungua mlango, mgeni yuko nje!"

Tumbo likajibu:

"Karibu, karibu, karibu ndani!"

Loo! Asali ile ilimshuka mpaka kwenye kucha. Masikio yalimcheza. Alimwona marehemu bibi yake akimpungia mkono. Akatua kibuyu akakaa akipiga hesabu, na nyinyi mnajua mambo yanavyokuwa mtu asiyezoea hesabu anapopiga hesabu.

"Bi Kanga," akasema, "kibuyu kimoja kimenipa raha hii. Vibuyu sita je? Si raha mara sita?"

Bi Kanga akamtazama. "Jirani, kibuyu cha pili ni mdogo wa kile cha kwanza. Cha tatu ni mtoto wa kambo. Umeuliza mdomo tu, hujauliza tumbo wala paa."

"Maneno ya kuku hayo!"

"Mimi si kuku," akasema Bi Kanga, akaenda zake kwenye nyasi.

Nguchiro akasogea karibu, sauti kama mafuta. "Shemeji, wewe si mtu wa kibuyu kimoja. Kibuyu kimoja ni cha akina kanga. Nimiminie vikapu vitano vilivyobaki, nikupe vibuyu vitano. Na kwa kuwa ni wewe, cha sita juu yake, bure. Pamoja na ulichokunywa, saba!"

Neno "bure" lilimwingia Nyegere kuliko asali. Nyasi akazisahau. Chungu akakisahau. Mtoto aliyekuwa njiani akamsahau. Karanga zikamwagika karrr, karrr, mara tano.

Akajaza kibuyu cha mkewe. Akataka kubeba vilivyobaki.

"Aaa, shemeji," akasema Nguchiro. "Asali yako, vibuyu vyangu. Sheria ya gulio. Kunywa hapa hapa."

Akainua kingine.

"Tumbo, tumbo, fungua mlango, mgeni yuko nje!"

"Karibu... karibu... kaa hapo barazani."

Ilikuwa tamu, ndiyo. Lakini bibi yake hakumwona tena. Akainua kingine.

"Tumbo, tumbo, fungua mlango, mgeni yuko nje!"

"Mwenye nyumba hayupo!"

Alikimaliza kwa kushika mti. Asali ile ile, kibuyu kile kile, mzinga ule ule, lakini sasa ilipita kooni kama udongo wa mfinyanzi. Meno yalimuuma. Vibuyu vitatu vilibaki vinamtazama.

"Nguchiro ndugu yangu," akasema, "chukua vibuyu vitatu hivi, nirudishie vikapu vitatu tu."

"Kikapu kikishamiminwa?" akauliza Nguchiro.

"Hakirudi," akajibu Nyegere, kwa sauti ndogo.

Basi akavikumbatia vibuyu vitatu, akazunguka gulioni.

Akaenda kwa Ngiri, muuza nyasi. "Mzee Ngiri, nina asali. Nipe mzigo wa nyasi."

Ngiri akageuza uso. Masharubu yote yameganda. "Nguchiro amekuwa akitupa asali sote tangu alfajiri. Hata nzi wamenichoka. Ungekuwa na karanga ningekupa mizigo miwili. Karanga huna?"

"Nilikuwa nazo."

"Nyasi zangu haziezeki 'nilikuwa nazo'."

Akaenda kwa Nungunungu, mfinyanzi. "Bi Nungunungu, asali hii kwa chungu kimoja."

"Jana ningekupa chungu," akasema Nungunungu. "Leo asubuhi ningekupa kifuniko. Sasa hivi nakupa pole."

Akaenda kwa Komba, msuka mikeka. Komba alikuwa amelala kifudifudi kwenye mikeka yake, anaugulia. "Ukilitaja tena hilo jina la asali," akasema, "nakutapikia."

Huku nyuma Bi Kanga alikuwa anafanya ununuzi wake. Alimimina kikapu, akachukua mzigo wa nyasi. Akasimama, akajiuliza, "Sasa, kinachoniuma zaidi ni nini?" Akakumbuka paa lake, akaona bado litabaki na tundu. Akachukua mzigo wa pili. Akasimama tena. Ngiri akamwambia, "Ongeza wa tatu, Bi Kanga, nyasi nzuri hizi."

"Nzuri sana," akasema. "Lakini mzigo wa tatu utakuwa wa kulalia mbuzi, na mbuzi sina. Chumvi nayo sina." Akaenda kwenye chumvi. Kisha chungu. Kisha mkeka. Kikapu cha sita akampelekea Nguchiro, akajaza kibuyu chake asali. Kibuyu kimoja, basi. Nguchiro alipomwambia "cha pili nusu bei", Bi Kanga alicheka mpaka akaangusha unyoya, akashika njia ya nyumbani jua lingali juu.

Jua likaanza kuinama. Nguchiro akanyoosha mkono. "Shemeji, vibuyu vyangu."

"Na asali yangu?"

"Sioni utakapoiweka. Niachie, nitakutunzia." Akaimimina yote kwenye mtungi wake mkubwa, akaufunika. Kama ninavyomjua, kiangazi kilichofuata aliiuza tena.

Nyegere akavuka mchanga, mzegazega mtupu begani, kibuyu kimoja mkononi, tumbo linatangulia mbele kama mjumbe. Katikati ya mto tone la kwanza likampiga puani. Alipofika ng'ambo, mvua ilikuwa inashuka kama imelipwa.

Alipofika nyumbani, maji yalikuwa yanaingia kwa juu na kutokea mlangoni, jiko linaelea. Mwanamkuu hakuwepo. Uchungu ulikuwa umemshika, naye hakungoja mtu. Alikuwa amekwenda kwa jirani. Bi Kanga alikuwa ametandaza nyasi zake juu ya paa hata kabla ya kula, na ndani mlikuwa mkavu, chungu kiko motoni, na juu ya mkeka mpya kilikuwa kimelala kitoto cha nyegere, kinalia kwa hasira kama baba yake.

Hapo sasa nawapa funzo mapema, maana neno la mwisho la hadithi hii si langu, ni la mwenyewe Mwanamkuu. Utamu wa kwanza ni mtangazaji, usimpe kapu lako lote. Kila unaponyoosha mkono kuongeza, usiulize "ni kitamu?" Uliza, "hiki kimoja zaidi, na kile nisichokuwa nacho kabisa, kipi kitanifaa?" Anayepima tonge la saba kwa utamu wa tonge la kwanza ataamka ameshiba na hana nyumba. Na cha bure, waungwana, kiulizeni kwanza kitakaa wapi.

Hadithi yangu naitua hapa mlangoni. Aliyeipenda aibebe kwa chombo chake, mimi vyombo vyangu sivitoi.

Nyegere akasimama nje ya mlango wa Bi Kanga, analowa, manyoya yamemganda. Akaingiza mkono ndani, ameshika kibuyu, akasema kwa sauti aliyoilainisha njia nzima:

"Mama, turudi nyumbani. Nimekuletea asali, na ni tamu kweli kweli."

Mwanamkuu hakuinua hata kichwa kutoka kwa mtoto.

"Kaezekee hiyo."