Kishikwambi Alichokichagua Fundi Mbonea

Habari hii imenifikia kwenye simu, nami naipitisha kwenu kama nilivyoipata. Kama nyumbani kwako kuna mgonjwa, au mzazi ambaye siku hizi mnamwamulia kila kitu, isome yote kabla hujampelekea mwenzako.

Kule Usangi, kwenye milima ya Upare, kulikuwa na fundi mwashi aliyeitwa Mbonea. Alijenga kwa mawe, na nyumba zake zilijulikana kwa pembe zilizonyooka. Alikuwa pia mtu wa maneno mengi. Ukipanda njia ya kwenda anakojenga, ulimsikia kabla hujamwona, akiwatania vibarua na kuwakosoa kwa pumzi ileile.

Asubuhi moja, akiwa anafunga kamba za viatu aende kazini, alianguka. Kilikuwa kiharusi. Alipotoka hospitali, mkono wa kulia na mguu wa kulia vilikuwa havimsikii, na kinywani halikutoka neno. Zilitoka sauti tu, kama za mtu anayeota.

Daktari alimweleza mkewe, Namsifu, jambo moja ambalo hakulisahau. Alimwambia akili ya mumewe ni nzima. Kilichoharibika ni misuli ya ulimi na ya kinywa. Akashauri mambo mawili: afanyishwe mazoezi ya viungo bila kukatiza, na atafutiwe kishikwambi, hiki ambacho wengi wanakiita tableti. Kuna programu, alisema, ambayo mgonjwa anagusa herufi, na mashine inayatamka maneno aliyoandika.

Namsifu alirudi nyumbani ameshikilia habari hiyo. Aliowaeleza wengi waliitikia kwa kichwa tu, kwa adabu, na mambo yakaendelea kama kawaida.

Kawaida yenyewe ilikuwa hivi. Wageni walikuja kumjulia hali Mbonea, wakaketi mbele yake, wakamuuliza Namsifu: amelala vipi, amekula nini, anatutambua? Mbonea aliinua mkono wa kushoto na kujaribu kusema. Mtu mmoja akamrekebishia mto. Mwingine akampa maji. Akayanywa, akanyamaza.

Mdogo wake, Eliamini, aliishi Arusha. Alimpenda kaka yake, maana ndiye aliyemsomesha. Aliamua kumchukua akakae kwake mjini, kwa sababu karibu na nyumba yake palikuwa na kituo cha mazoezi. Namsifu alikataa. Alisema mumewe akitolewa kwenye milima yake atakufa kwa majonzi. Wakabishana kwa wiki kadhaa, kila mmoja akianza na maneno yaleyale, kwamba Mbonea mwenyewe ndivyo anavyotaka. Na Mbonea ameketi katikati yao.

Mwishowe ukoo ukapanga kikao Jumapili baada ya ibada, uamue. Hapo ndipo Namsifu aliposimama.

"Hakuna kikao kabla hajapata sauti yake," alisema. "Nikimpatia sauti, muite kikao hata kesho."

Ndugu walikuwa wamechanga fedha za matibabu, na waliziweka mikononi mwake. Zilipaswa kutosha kila kitu: dawa, mazoezi, nauli, na sasa kishikwambi. Alijua kabisa kwamba akikosea dukani, mazoezi yatakatizwa.

Kwa hiyo alisema Mbonea ataenda naye Moshi, dukani. Eliamini alipinga. Alisema safari itamchosha mgonjwa, barabara ya mlimani ni mbaya, na watu watamkodolea macho. Akaomba yeye na shemeji yake waende wawili, wanunue, warudi.

"Atakayekitumia ni yeye," Namsifu alijibu. "Twende naye."

Eliamini akambeba kaka yake mgongoni hadi kwenye gari la kukodi, na wakaenda.

Duka lilikuwa dogo, safi, na muuzaji alikuwa dada mmoja mpole aitwaye Shamsa. Alimpa mzee kiti kwanza, kisha akauliza shida yao. Namsifu akaieleza. Shamsa akauliza tena, akimtazama Mbonea, mzee atapenda kukitumia kwa mambo gani.

Eliamini akajibu kwamba kaka yake atatazama mpira na kuzungumza na wanawe walio mbali kwa video. Namsifu akajibu kwamba kazi yake ni kusema tu. Walijibu kwa wakati mmoja, na Shamsa akaachwa akimwangalia mzee, ambaye hakuwa amejibu chochote.

Eliamini alikuwa ameshachagua tangu mlangoni. Kilikuwa chembamba kama daftari, kioo kinang'aa, na kina kalamu yake. Hakuwa na nia mbaya. Alitaka kaka yake apate kilicho bora kuliko vyote, basi. Lakini bei yake ingemeza karibu kila kitu walichopewa.

Namsifu naye alikuwa na chaguo lake. Alitaka kikubwa kuliko vyote, chenye upana wa sinia, ili herufi zionekane vizuri. Alikuwa amekifikiria njia nzima.

Shamsa aliwaeleza kwamba programu ya kusema haina gharama, inaingia kwenye vyote, na ikishawekwa inafanya kazi hata bila bando. "Ndani vitasema sawasawa," alisema. "Tofauti iko kwenye umbo. Acheni mzee avijaribu."

Wakaanza na kile chembamba. Walimwekea mapajani. Alipogusa herufi ya kwanza kikateleza, na Eliamini akakidaka kikiwa karibu na sakafu. Walijaribu tena, kikateleza tena.

Wakachukua kile kikubwa. Herufi zilionekana vizuri, lakini kilikuwa kizito, na mwenye mkono mmoja hawezi kukishika na kuandika kwa wakati huohuo. Wakakiweka mezani, lakini Mbonea akiinama, upande wake wa kulia ulilegea akaanza kuanguka. Basi Namsifu akakishika kwa mikono yake miwili, akamsogezea mumewe usoni.

Mbonea akagusa herufi mbili. Kisha akamtazama mkewe, akaushusha mkono, asiendelee.

Namsifu alikaa akiyafikiria macho yale. Akaelewa. Kwa kishikwambi kile, mumewe angesema tu pale ambapo mtu mwingine ameamua kuja kumshikia. Akakirudisha mwenyewe juu ya meza, ingawa roho ilimuuma.

Kile cha bei rahisi kuliko vyote kilikuwa kidogo mno. Kidole cha Mbonea, kilichonenepa kwa miaka ya kushika mawe, kiligusa herufi tatu kwa mpigo, na sauti yake ilikuwa hafifu kama ya redio inayoishiwa betri.

Jua lilikuwa limepanda, na uso wa Mbonea ulianza kuonyesha uchovu. Eliamini akaishiwa subira. Akamvuta shemeji yake kando kidogo, nyuma ya kiti cha mgonjwa, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba huenda daktari alikosea. Huenda akili nayo imekwenda. Wanunue chochote, warudi nyumbani, wasiendelee kumtesa.

Namsifu alikuwa anamtazama mumewe, kwa sababu Mbonea alikuwa ameanza kutoa sauti, nzito, ya kusisitiza, huku mkono wa kushoto umenyooka kuelekea rafu ya chini kabisa.

Shamsa akageuka. Kwenye rafu ile palikuwa na vishikwambi vya watoto. Mbonea alikuwa anaonyesha kimoja chenye gamba nene la mpira, la rangi ya machungwa, lenye mkono wa kubebea juu na mguu wa kukisimamisha nyuma.

"Hicho ni cha watoto wa chekechea," Eliamini alisema. "Kaka yangu ni mtu mzima."

Tuseme ukweli, Namsifu naye aliona haya. Akilini aliwaona wageni wakiingia sebuleni, na wazee wa kanisa, na mafundi waliofundishwa kazi na mumewe, wote wakimkuta Fundi Mbonea ameshika kitu kama kile. Kwa muda alitamani mumewe anyooshe mkono kwingine.

Mbonea hakuushusha mkono.

"Mpe," Namsifu alimwambia Shamsa.

Shamsa akaweka programu, akampa. Mbonea akakikamata kwa ule mkono wa kubebea, akakisimamisha mwenyewe mapajani. Mpira ukashika nguo, kisiteleze. Mguu wa nyuma ukakiinamisha usawa wa macho yake. Na kwa kuwa kimetengenezwa kwa ajili ya watoto, herufi zake zilikuwa nene na zimeachana, na spika yake ilikuwa na nguvu.

Akaanza kuandika. Hakuna aliyemsaidia. Kidole kilikosea, kikafuta, kikarudia. Wateja wengine waliingia wakatoka. Kisha mashine ikatamka, kwa sauti ya kike iliyo wazi:

"Hiki."

Namsifu akaweka mkono kifuani. Lakini Mbonea alikuwa bado anaandika. Safari hii alichukua muda mrefu zaidi, na wote watatu wakasimama wakingoja.

"Eliamini. Nasikia yote."

Eliamini alitoka, akasimama mlangoni akiwa amewapa mgongo. Aliporudi, macho yake yalikuwa mekundu. Alichuchumaa mbele ya kile kiti, akamwomba kaka yake msamaha kwa hili la leo, na kwa yote aliyoyasema mbele yake tangu augue. Mbonea akamwekea mkono kichwani, kama unavyomwekea mtoto.

Namsifu akauliza maswali yake hadi akaridhika: chaji inakaa muda gani umeme ukikatika, kikianguka kinavumilia vipi, kikiharibika kinarudishwa kwa masharti gani. Kisha akalipa. Sehemu kubwa ya fedha ilibaki, akaifunga vizuri kwa ajili ya mazoezi. Eliamini, ambaye bado alikuwa na aibu kidogo ya ile rangi, akapendekeza kitafutiwe gamba jeusi.

"Acha," mashine ikasema.

Jumapili kikao kikakaa. Sebule ilijaa, na wengine waliketi barazani karibu na dirisha. Mbonea aliwekwa kwenye kiti chake, kishikwambi cha rangi ya machungwa mapajani. Wapo waliotaka kutabasamu walipokiona, lakini walipoisikia ile sauti ya kike ikiwasalimia wote na kuwashukuru kwa kuja, tabasamu liliwaishia.

Mwenyekiti wa kikao alimwomba Eliamini aanze, kisha Namsifu. Wote wawili wakakataa. Walisema anayestahili kuanza ni yule aliyekuwa hajaulizwa. Moyoni, hata hivyo, kila mmoja aliamini kwamba Mbonea atakuwa upande wake. Namsifu ndiye aliyeamini zaidi, kwa sababu ndiye aliyempigania.

Mbonea akaandika. Watu wakajifunza kungoja.

"Nitakwenda Arusha. Nataka kutembea."

Namsifu aliinamisha kichwa. Wiki zote zile alikuwa amepigana mchana na usiku ili mumewe abaki milimani, akiwa na hakika kwamba ndicho anachokililia. Kumbe alikuwa akikilinda kitu ambacho mwenye nacho hakukiomba.

"Nikiweza kutembea nitarudi kwangu. Shamba lilimwe. Nyumba isifungwe."

Mwenyekiti akasema basi, jambo limekwisha, mwenyewe ameamua, wafunge kwa sala. Watu wakaanza kusimama. Lakini kidole cha Mbonea kilikuwa bado kinatembea, na mmoja wa shangazi zake akawaashiria wote waketi.

"Bado. Muulizeni Namsifu anataka nini. Naye hajaulizwa."

Sebule nzima ikamgeukia. Mwanamke huyu aliyekuwa na jibu la kila mtu, la daktari, la shemeji, la muuzaji wa duka, alikosa la kwake. Tangu mumewe aanguke watu walimuuliza habari za mgonjwa, za dawa, za chakula na za fedha. Hilo lilikuwa swali jipya.

Mbonea akamtazama tu, akingoja.

"Nataka kwenda naye," alisema mwishowe. "Na nimechoka. Nataka kuwe na mtu wa kupokezana naye, nilale usingizi nikijua kuna mwenzangu aliye macho."

Akanyamaza, akidhani amesema mengi mno. Eliamini, ambaye kwa wiki nyingi hakuwahi kumwacha amalize sentensi, akasogeza kiti chake karibu.

"Endelea, shemeji," alisema. "Tunakusikiliza."

Akaendelea, na hakuna aliyeondoka hadi alipomaliza.

Funzo: Kifaa bora si kile cha bei kubwa, wala kile kitakachowapendeza wageni, ni kile kinachomfaa atakayekitumia, na kisichomeza fedha za mahitaji mengine. Na kabla hujamchagulia mtu chochote, hata kama unampenda sana, muulize mwenyewe, kisha uwe na subira ya kungoja jibu lake.