Muhanga na Mlango wa Nyuma

Paukwa!

Mbona mnaitikia kinyonge hivyo? Mimi ndiye niliyeshinda juani, nyinyi mmeshinda mkicheza kombolela. Tena, kwa sauti. Paukwa!

Pakawa!

Kaondokea mchimbaji, kachimba shimo, hakukaa.

Hapo kale palikuwa na Muhanga, mama wa mtoto mmoja. Mnamjua Muhanga: masikio marefu, pua ya nguruwe, kucha kama majembe. Kazi anayoijua ni kuchimba tu. Na ukoo wao una desturi yake, hata leo: shimo la jana hawalilali leo. Akichoka anachimba, analala, anaamka, analiacha wazi, anakwenda zake.

Mwaka huo kiangazi kilikuwa kibaya. Ardhi ilikauka, mchwa wakazama chini kabisa, na pua ya Muhanga ikajaa vumbi isinuse kitu. Mtoto akalala na njaa. Akalala tena na njaa. Mwishowe hakulia, akawa anatazama tu. Mtoto akiacha kulia kwa njaa, mama hawezi kukaa kitako.

Muhanga akawaza: wenzangu wana macho, wanajua kichuguu chenye mchwa kiko wapi. Mimi nina kucha. Nitawachimbia mashimo ya kulala, wao wanionyeshe kichuguu. Akamfunika mtoto majani, akatoka na wimbo wake. Imbeni na mimi, polepole, siwezi kukimbia:

*Nachimba, nachimba,*
*mwenye shida ya shimo aseme,*
*nachimba.*

Akafika kwa Ngiri. Ngiri huingia nyumbani kwake kinyumenyume, kwa hiyo alikuwa amekaa mlangoni, mkia ndani, meno nje. Muhanga akapiga hodi, akaanza kumweleza habari ya shimo jipya, pana, lenye dari ya juu. Hakumaliza. Ngiri alisema hana haja nalo, na tena asisimame pale, anamtilia vumbi machoni. Muhanga akaomba radhi, akaondoka.

Akaenda, akaenda, akaenda. Nyayo zinawaka moto.

*Nachimba, nachimba,*
*mwenye shida ya shimo aseme,*
*nachimba.*

Akafika kwa Mbweha. Loo, Mbweha ana maneno matamu huyo! Alimwita dada yangu, akamsifia kucha, akasema kazi kama hiyo ndiyo aliyokuwa akiitafuta, ila amngoje kidogo tu, anaingia ndani mara moja. Muhanga akakaa nje, akangoja. Kivuli kikahama upande huu kikaenda upande ule. Mbweha hakutoka.

Na mimi nawaambia, huyu ni mbaya kuliko Ngiri. Ngiri alimfukuza, yakaisha. Huyu alimlia siku nzima, na mtoto yuko nyumbani ana njaa.

Akaenda, akaenda, akaenda. Sasa anaburuta mkia.

*Nachimba, nachimba...*

Wimbo haukufika mwisho. Koo lilikuwa limekauka.

Akafika kwa Bibi Nungunungu, mjane, mzee, miiba yake nusu imekatika. Muhanga akamwamkia shikamoo, bibi akaitikia marahaba, halafu kabla hata hajaelezwa akasema, "Kama ni shimo, mjukuu wangu, sitaki."

Muhanga alitaka kuondoka, miguu ikakataa. Akajikuta amekaa chini pale pale mlangoni. Alikuwa amechoka hata aibu imemwisha.

"Sawa, bibi," akasema. "Sikuuzii tena. Niambie tu, kwa nini?"

Bibi akamjibu kwamba shimo analo. Yeye analo, Ngiri analo, Mbweha analo. Nani wa kununua shimo pori hili? Mashimo yamejaa tele, yako wazi, mwenyewe amelala mara moja akaenda zake.

Muhanga akazitazama alama za kucha zilizochorwa ukutani mwa shimo la bibi. Zilikuwa za kucha zake mwenyewe. Uchungu ulimpanda! Siku nzima alikuwa akiwauzia watu kitu alichokwisha kuwapa bure. Angeweza kupiga kelele, nitokeeni, nyumba zangu hizi. Lakini kelele hazimlishi mtoto. Akauliza jambo jingine.

"Na humo ndani, bibi, unalala vizuri?"

Bibi akageuka, akautazama mlango.

"Silali," akasema. "Chatu aliingia kwa mlango huu, mume wangu yuko ndani. Hapakuwa na pa kutokea. Tangu siku hiyo naukodolea mlango macho."

Muhanga akainuka, mgongo ukalia ko! ko! Akasema, "Basi shimo sikuuzii. Nitakutobolea mlango wa nyuma."

Akachimba. Huyo mlegevu mnayemwona, akachimba mpaka mwanga ukaingia upande wa pili. Bibi akaingia huku akatokea kule. Akarudi akaingia kule akatokea huku. Alipokwisha kuamini akalia machozi, kisha akamwongoza Muhanga hadi kwenye kichuguu, mchwa wamejaa pomoni.

Muhanga akarudi nyumbani na mchwa waliofungwa kwenye jani. Akamwinua mtoto kichwa, akamlisha kidogo kidogo. Mtoto alipopata sauti akauliza, "Mama, leo wamekubali?"

"Hapana, mwanangu. Wote wamekataa."

"Hata aliyekupa hawa?"

"Hata huyo. Ila huyo nilimuuliza kwa nini."

Basi, mafunzo yake ni hayo. Ukikataliwa, usitukane, wala usingoje nyuma ya mlango uliofungwa. Uliza kwa upole mtu anakosa nini, huenda unacho. Sisemi kila mtu atanunua. Ngiri mpaka kesho hataki, na Muhanga akipita humwamkia, akaendelea na safari.

Hadithi yangu nimeifikisha mlangoni kwenu. Mkiitaka, iingizeni ndani. Msipoitaka, semeni kwa nini. Na wewe unayekoroma hapo pembeni, hilo shuka ni langu, lilete.