Chupa ya Maji ya Kilifi

Mzee Obonyo, fundi wa reli aliyestaafu, aliishi Makongeni na bintiye wa pekee, Maurine Adongo. Adongo alizaliwa pacha kabla ya miezi kutimia. Mwenzake, Apiyo, hakumaliza wiki. Mama yao naye akafuata. Adongo alikua mwembamba kama ufito, na babake akamlinda kama mboni ya jicho.

Basi Adongo aliporudi kutoka masomoni Pwani na habari kwamba amepata kazi ya kuchunguza viumbe wa bahari, kazi ya kuingia mashuani kila wiki, uso wa mzee ulisawijika.

"Nilizika mmoja, mwanangu. Wewe siipi bahari. Tena kwa ajili ya viumbe gani?"

Adongo hakubishana. Alidondosha tone kutoka kwenye chupa ya maji ya bahari aliyoibeba tangu Kilifi, akaliweka chini ya hadubini ya kuazima, kando ya vikombe vya chai.

"Tazama, baba."

Mzee alikataa. Alimaliza chai yake, akakohoa, kisha akainama polepole, maana mgongo ulimsumbua. Akaona kidude chenye jicho moja jekundu, kikiruka na kutulia. Nyuma kilining'iniza vifuko viwili.

"Huyo ni kopepodi, wa jamii ya kamba," Adongo alieleza. "Hazidi chembe ya chumvi. Dagaa humla yeye, nguru akala dagaa. Akiadimika, nyavu hurudi tupu."

"Na vifuko hivi?"

"Mayai yake. Mawimbi humrusha huku na huko, lakini yeye hayaachi."

Mzee alikawia kuinua kichwa. Alipokiinua, macho yalikuwa yamelowa.

"Mama yako aliwabeba hivyo hivyo, wawili." Akafuta macho. "Kuogelea unajua?"

"Najua, baba."

"Na jaketi la kuokolea utavaa?"

"Kila siku."

"Basi nenda."

Mwaka wa pili kazini, Adongo aligundua kwamba kopepodi wa hori moja, mkono wa bahari kando ya kijiji cha wavuvi, walikuwa wakifa kwa maji machafu. Wavuvi walicheka: "Kasichana haka katufunze bahari?" Walipochungulia hadubini na kuona vidude vile vimekufa, kicheko kiliwakauka. Wakauziba mfereji uliomwaga uchafu horini kwa mikono yao.

Mzee Obonyo alipokwenda kumtembelea bintiye, samaki walikuwa wamerudi. Mkuu wa wavuvi alimkaribisha nguru wa kuchoma, akamwambia, "Mzee, kijiji hiki kizima kinakula kwa sababu ya huyu mwembamba wako."

Hakika, wembamba wa reli, garimoshi hupita.