Samaki wa Fisi Wasioguswa na Nzi

Hapo zamani za kale, wanangu, enzi wanyama walipokuwa na mashamba yao ya pamba na magulio yao, Fisi alikuwa muuza samaki kando ya ziwa. Aliwapasua, akawatia chumvi, akawaanika juani kwenye chanja.

"Njooni, njooni! Samaki safi, hata nzi hawagusi!"

Na kweli, nzi walipita mbali, vuuu! Wanyama wakasifu usafi ule. Hakuna aliyejiuliza nzi wameacha lini kupenda samaki. Hata mimi ningenunua.

Nguchiro, mama yake Nyamizi, alinunua akampikia binti yake. Punde mtoto akaanza kutokwa na jasho na mate, mwili ukamtetemeka. Aliponea chupuchupu, lakini kucheza hakuweza tena. Mama yake alimtazama, roho ikamuuma.

Akaenda nyuma ya chanja ya Fisi. Chini palijaa nzi waliokufa, na kando pana kopo la dawa ya kunyunyizia pamba.

"Mzee Fisi! Unawatia samaki sumu?"

"Ebo! Kopo hilo ni la shambani kwangu. Kama ni wivu, sema!"

Nyati, mkubwa wa gulio, akacheka. "Mama Nyamizi, nenda nyumbani. Mbona sisi tunakula na tu wazima?"

Nguchiro alilia kwa hasira. Kisha akanyamaza. Nguchiro akinyamaza, wanangu, kaeni chonjo.

Siku ya gulio akaja na chungu cha samaki wa karanga, harufu imetapakaa kote.

"Shikamoo, Mzee Fisi. Nilikukosea mbele za watu. Kula, tuyamalize."

"Marahaba! Samaki wa nani huyu?"

"Kamvua mume wangu."

Fisi hakungoja kuombwa tena. Kwamu, kwamu! Akala nyama, akatafuna miiba, akalamba chungu.

"Mtamu?"

"Mtamu mno, Mama Nyamizi!"

"Nafurahi. Maana nilikudanganya. Nimemtoa kwenye chanja yako."

Chungu kikaanguka, pwaa!

"Mama wee, nakufa! Nileteeni maziwa! Kopo zima nimewamwagia jana! Umeniua, wewe mwanamke!"

Gulio zima likageuka kumtazama. Nyati alimtazama samaki aliyekuwa amemshika, akamweka chini polepole. Nyumbani kwake wanawe walikuwa wakila samaki wale kila siku.

"Tulia, Mzee," akasema Nguchiro. "Uliyemla ni perege mbichi, mume wangu kamvua leo asubuhi. Mimi siwezi kumlisha mtu sumu, hata wewe."

Fisi akainamisha kichwa. Samaki wake wakafukiwa shimoni, naye akafukuzwa gulioni.

Nanyi, wanangu, kabla hamjala cha muuzaji, tazameni kwanza kama naye anakila.