Jibu la Mashavu

Amsemeaye mwana humnyima ulimi. Mnacheka nini? Mmeiokota kisimani, mmeifanya wimbo. Haya, nyamazeni niwaambie ilikotoka, maana aliyeisema mara ya kwanza hakuwa akicheka.

Methali hii ilianza hivi. Pangani palikuwa na msuka mikeka, Bi Mwanamize, mjane mwenye mtoto mmoja tu wa kike, Mashavu. Mtoto huyo alichelewa kusema. Wenziwe wanaimba, yeye anaonyesha kwa kidole. Alipoanza kusema akatoka na kithembe, tena neno alilivuta mpaka msikilizaji achoke. Akalambishwa asali, akanyweshwa kombe la aya za Kurani, wapi!

Bi Mwanamize alimpenda mwanawe kupita kiasi, na kuchekwa kwake kulimchoma moyo. Basi mtoto akifumbua kinywa tu, mama keshamaliza. "Anataka maji huyu." "Anasema hajambo." Akaona anamsitiri.

Wifi yake, Bi Kauthari, hakuliona hivyo. Yeye alikaa na Mashavu wakisuka ukili wa mikeka, akamuuliza jambo, kisha akanyamaza, anamtazama usoni, anangoja. Mtoto akikosea hamkemei. Hulirudia neno lilivyo, polepole, basi. Siku moja mtoto akasema, "Shangadhi, nithukie na mimi mkeka." Maneno yote hayo, peke yake! Bi Kauthari akapiga kigelegele.

"Wifi, ulimi wake upo," alimwambia Bi Mwanamize. "Unataka nafasi tu, na wewe humpi."

"Nimwache watu wamfanye kichekesho? Uchungu wa mwana aujuaye mzazi!"

Akafura, akamshika mwanawe mkono, na kwa wifi yake hakumrudisha tena. Hapo ndipo alipopotea, wanangu.

Mashavu akakua, mzuri, mpole, kimya. Akaja Bwana Shebe kutoka Pemba, mtu mzima aliyefiwa na mkewe, akaposa. Mama akajibu posa, kama alivyozoea kujibu kila kitu. Siku ya ndoa, kwa desturi, mashahidi wakaja mlangoni mwa chumba kumuuliza bibi harusi mwenyewe.

"Mashavu, umeridhia kuolewa na Shebe?"

Msichana akainua uso. "Mi... mimi..."

"Ameridhia!" mama akadakia. "Anaona haya tu, mwanangu."

Na kimya cha mwari watu hukihesabu ridhaa. Mashahidi wakageuka, vigelegele vikapanda. Ndipo Mashavu akamaliza neno lake, taratibu, macho kwa mama yake.

"Mimi... thimtaki, mama."

Bi Mwanamize alisikia. Mashahidi walikuwa bado ukumbini, angewaita, wangerudi. Lakini pilau limeshapakuliwa, wageni wamejaa mpaka uani. Akaiogopa fedheha, akajifanya hakusikia. Loo, mama yule!

Mashavu akapelekwa Pemba. Miaka ikapita, haji, na salamu zake ni za kubahatisha. Mama akashindwa kuvumilia, akamfuata. Alimkuta uani anapepeta mchele, amekonda mabega yamesimama. Alimwamkia mama yake kwa adabu, akampa kigoda, akarudi kwenye ungo wake. Bi Mwanamize hakukaa. Alipiga magoti mbele ya mtoto aliyemzaa mwenyewe.

"Mwanangu, nilisikia siku ile. Nilisikia nikanyamaza. Utanisamehe?"

Safari hii alingoja. Aliona midomo ya mwanawe ikilitafuta neno, na ulimi wake mwenyewe ukimwasha kumsaidia, akauuma. Akangoja.

"Nijibie wewe, mama," Mashavu akasema. "Thi umedhoea?"

Kisha akainama, akaendelea kupepeta.

Bi Mwanamize alirudi Pangani na swali lake. Tangu hapo, kila alipomsikia mzazi akimmalizia mtoto neno, alimshika mkono, machozi yanamtoka, akamwambia hilohilo mnalolichekea: amsemeaye mwana humnyima ulimi.