Chumvi ya Bi Kanga

Paukwa!

Pakawa!

Chungu kiko jikoni?

Kiko!

Moto unawaka?

Unawaka!

Basi sogeeni, na atakayesinzia asije akasema nilimnyima.

Hapo zamani za kale, wanyama walikuwa na mji wao, na sokoni alikaa mpishi mmoja, Bi Kanga. Makande yake, jamani! Mahindi laini, maharage, tui zito la nazi. Harufu ilifika mpaka mtoni, ikageuka, ikaenda kuita wengine.

Mwaka mmoja moto uliteketeza kichaka cha Digidigi. Akabaki hana nyumba, yeye na mwanawe, wakawa wanalala chini ya meza za soko. Siku tatu Digidigi hakula kitu. Maziwa yakamkauka, na mtoto akilia, hana la kumpa. Bi Kanga alipomwona, akampakulia bakuli. Kesho yake akampakulia tena.

Mji ukaanza kusema. Si mnaijua midomo ya watu!

"Ukimlisha leo, kesho ataleta ukoo mzima," alisema Kima.

"Atazoea huyo! Akafanye kazi," alisema Bata.

"Mimi sina neno naye," alisema Punda, "lakini kwa nini alie karibu na mlango wangu?"

Maneno yakamfikia Jumbe Ngiri, mkuu wa mji. Jumbe alitaka soko lake lipendeze. Akapiga mbiu: "Marufuku kumpa chakula asiye na nyumba! Atakayempa, chungu chake kitavunjwa, naye atafukuzwa mjini!"

Bi Kanga akalia, akalia mpaka madoadoa yake yakaloa. Akivunjiwa chungu, ataishi kwa nini? Na asipompa Digidigi, mtoto yule atakufa. Akajifuta machozi, akakoroga makande, akaonja. Mara akasimama, mwiko hewani, akaanza kucheka.

"We Digidigi! Njoo unionjee chumvi. Leo siuamini ulimi wangu."

Digidigi akaja, akaonja bakuli zima. Bi Kanga akaimba:

*Onja, mwenzangu, onja,*
*ulimi una haraka,*
*ngoja tumbo lijibu!*

Nani huyo anakuja mbio? Askari Fisi!

"Bi Kanga! Unampa chakula!"

"Nampa wapi? Ananionjea chumvi. Kwenu hamwonji?"

Fisi akakuna kichwa. Kwao walionja. "Haya, imekolea?"

"Bado hatujajua," alisema Digidigi, mashavu yamejaa. Fisi akaenda zake.

Siku ya pili Digidigi akaja na mwanawe, na Nungunungu ambaye shimo lake lilibomolewa na mvua. Fisi huyo tena, mbio.

"Na leo?"

"Leo wanaonja pilipili."

"Watatu?"

"Kwa pilipili shahidi mmoja hatoshi, askari."

Fisi akameza mate. "Basi na mimi niwe shahidi wa nne." Akaonja bakuli, akaonja mwiko, akaonja mpaka kifuniko. *Onja, mwenzangu, onja!*

Siku ya tatu wanaonja nazi. Lo! Mstari ulizunguka soko zima: wasio na nyumba wote wa mji, na Fisi mbele yao. Hata Bata alikuwemo, mwenye nyumba mbili. Wanaimba, wanapiga mabakuli.

Jumbe Ngiri akafika mkia wima, anafoka. "Simameni! Kuonja ni kijiko kimoja! Lete chungu nikivunje!"

"Wewe ndiye mwamuzi, Jumbe," alisema Bi Kanga. "Onja kijiko kimoja, utuambie kama nazi imetosha."

Jumbe akaonja kimoja. "Mh. Sina hakika."

Akaonja cha pili. "Ngoja kwanza."

Kufika cha tatu, alikitupa kijiko, akaingiza mdomo chunguni. Watu wakaimba, ngoja tumbo lijibu, ngoja tumbo lijibu! Jumbe alipoinua kichwa, chungu kilikuwa kitupu, na punje za mahindi zimening'inia kwenye pembe zake za mdomoni.

"Jumbe," alisema Bi Kanga, "ulikuwa unakula, au unaonja? Kama ulikuwa unakula, umekula chakula cha wasio na nyumba, mbele ya mji mzima."

"Nilikuwa naonja!" akapiga kelele Jumbe.

"Basi mmesikia! Kuonja ni mpaka chungu kiishe!"

Soko likaripuka kwa vicheko. Fisi alicheka mpaka akaanguka. Ndipo mwana wa Digidigi akasogea na bakuli lake, akachungulia chunguni.

"Mama," akasema, "na mimi leo sijaonja."

Kicheko kikakatika. Jumbe akamtazama mtoto, mbavu zake moja moja. Aliona aibu, aibu ya kweli. Aliyeshiba hamjui mwenye njaa, mpaka amwangalie usoni. Akaondoka, akarudi na gunia la mahindi yake mwenyewe mgongoni.

"Yapike, Bi Kanga. Mimi nitakoroga."

Sheria ile ikafia pale pale. Digidigi alipopata kichaka kipya, siku ya kwanza tu aliinjika chungu, akatoka mlangoni akaita: "Jumbe! Njoo unionjee chumvi! Lakini kijiko kimoja tu!"

Basi wanangu, mwenye njaa mlishe kwanza. Nyumba yake utamuuliza akishashiba.

Hadithi yangu imeishia chunguni. Ikiwa imekolea, kaleni na majirani. Ikiwa imepungua chumvi, ongezeni yenu.